Uzi: Waingereza na Wathai wa Marekani. Kabla ya kulinganisha vipato, tuulize nani alifunguliwa mlango lini

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna jedwali linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Limewapanga watu wa Marekani kwa asili zao, na mbele ya kila asili limewekwa pato la kaya kwa mwaka. Chini yake watu wanaandika yaleyale: hawa wamefika kwa sababu wanajituma, wale wamebaki nyuma kwa uvivu wao. Jedwali lile limeniudhi. Tarakimu zake sina ugomvi nazo. Nina ugomvi na hukumu inayotolewa bila mtu kuuliza kila mmoja alianzia wapi. Na sisi wenye ndugu wanaobeba boksi Minnesota, Texas na Ohio tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Nimechukua asili mbili nizitazame kwa kina: Wamarekani wenye asili ya England, na Wamarekani wenye asili ya Thailand. Wa kwanza ni wengi mno. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu milioni 46.6 waliojiandika kuwa na asili ya England, iwe peke yake au pamoja na asili nyingine, wakawapita wenye asili ya Ujerumani (milioni 45) na ya Ireland (milioni 38.6). Wathai ni laki tatu na ushee tu nchi nzima. Ungewahamishia wote wilaya ya Kinondoni, bado wangekuwa wachache kuliko wenyeji.

Sasa tuangalie kila mmoja aliingiaje.

Waingereza walitia nanga Jamestown, Virginia, mwaka 1607, kisha Plymouth mwaka 1620. Hakuna aliyewadai viza. Ardhi ilikuwa na wenyewe, ikachukuliwa kwa vita, kwa magonjwa na kwa mikataba iliyokuja kuvunjwa. Virginia kuanzia 1618, aliyejilipia nauli ya meli alipewa ekari 50, na akimlipia mwingine anaongezewa 50 nyingine. Ndiyo maana wenye fedha walijaza meli vijana maskini wa England waliofungwa mikataba ya kutumika miaka kadhaa bila mshahara, na baadaye wakajaza Waafrika kwa minyororo. Taifa lilipozaliwa, sheria ya uraia ya mwaka 1790 ikasema mgeni anayeweza kuomba uraia ni mtu mweupe aliye huru. Lugha ya mahakama ikawa yao, sheria ya mirathi yao, madhehebu ya dini yao. Mwaka 1862 ikaja sheria ya kugawa mashamba ya magharibi, ekari 160 kwa mwombaji atakayelima na kukaa hapo miaka mitano. Mpaka mpango ule unakwisha, serikali ilikuwa imegawa takriban ekari milioni 270. Wajerumani na watu wa Skandinavia nao walipata sehemu kubwa. Watu wa Asia hawakuweza, kwa sababu mgeni aliyetaka shamba lile alitakiwa kwanza awe ameomba uraia, na uraia ulikuwa wa weupe.

Halafu sikilizeni hili, maana kwangu ndilo kiini. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya kugawa nafasi za wahamiaji kwa nchi. Hesabu ilipokamilishwa mwaka 1929, Uingereza pamoja na Ireland ya Kaskazini zilitengewa nafasi 65,721 kwa mwaka. Siam, ndiyo Thailand ya leo, ilitengewa 100.

Na hata hizo 100 hazikuwa za Wathai. Sheria hiyohiyo ilimzuia kuhamia mtu yeyote asiyestahili uraia, na Waasia hawakustahili. Nafasi za Siam zilimfaa Mzungu aliyezaliwa Bangkok. Kizuizi cha rangi kwenye uraia kiliondolewa mwaka 1952. Mgawo wenyewe ulifutwa na sheria aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 3 Oktoba 1965, akiwa pale kwenye Sanamu ya Uhuru, New York.

Kutoka 1607 hadi 1965 ni miaka 358. Mtu akiweka kaya ya Massachusetts na kaya ya Mthai wa Los Angeles kwenye mstari mmoja wa jedwali, miaka hiyo 358 imo ndani ya tarakimu hata kama haijaandikwa. Imo kwenye nyumba iliyorithiwa, kwenye shamba lililouzwa likasomesha watoto, kwenye mjomba ambaye ni wakili.

Karibuni tujadili. Nitarudi na upande wa Wathai.

#2 Mchuuzi wa Kariakoo

Mkuu, nimekusoma vizuri, lakini una jambo umeliruka. Hao Wathai mbona ukiangalia elimu wako juu ya Mmarekani wa kawaida? Wamefika juzi tu na wana digrii. Hapo hutaki kusema ni juhudi? Sisi biashara tunajua, wawili wanaweza kuanza na mtaji sawa, mmoja akapanda mwingine akazama.

#3 Mleta uzi

Mchuuzi, swali zuri. Elimu ni kweli. Wathai watu wazima wenye shahada ya kwanza au zaidi Marekani ni zaidi ya asilimia 40, wakati kwa Wamarekani wote ni kama theluthi moja. Lakini angalia sheria ya 1965 ilimfungulia nani. Ilitanguliza ndugu wa raia na watu wenye taaluma. Thailand ya wakati huo haikuwa na ndugu wengi Marekani, kwa hiyo waliopita kwanza ni madaktari, manesi na wanafunzi wa vyuo. Madaktari wapya wa Bangkok waliondoka kwa wingi kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Thailand ikaanza kuwalazimisha wahitimu wa udaktari kutumikia hospitali za umma kabla ya kuwa huru kwenda wanakotaka. Digrii zile zililipiwa na mlipa kodi wa Thailand, na aliyevuna ni Mmarekani. Ukichuja watu namna hiyo mpakani, wastani wa elimu utakuwa juu hata kabla mtu hajajituma siku moja ndani ya Marekani.

Kundi la pili ni wake za wanajeshi. Wakati wa vita vya Vietnam, ndege za Marekani ziliruka kutoka viwanja vya Thailand: Udorn, Ubon, Korat, Takhli, Nakhon Phanom, U-Tapao. Kilele chake kulikuwa na wanajeshi wa Marekani wapatao 50,000 nchini humo. Wengi walioa huko wakarudi na wake zao. Ndiyo maana mpaka leo kwa Wathai wa Marekani wanawake wanawazidi wanaume kwa tofauti kubwa, na utamkuta mama wa Kithai peke yake kwenye mji mdogo wenye kambi ya jeshi, mbali na mwenzake yeyote wa kuongea naye lugha yake. Huyu hakuja na digrii wala mtaji. Alikuja na cheti cha ndoa, na ndoa ikivunjika anabaki mikono mitupu ugenini.

Kundi la tatu ni waliofuata baadaye: wapishi, wahudumu wa migahawa, wakandaji wa masaji, washonaji, vibarua wa mashamba. Wapo waliokuja kwa viza ya matembezi wakabaki.

Sasa chukua daktari wa Chicago, mama wa kambi ya jeshi na mshonaji wa Los Angeles, uwajumlishe ugawe kwa tatu. Unapata Mthai wa wastani ambaye hayupo popote. Na juu ya hapo wanatumbukizwa kwenye kapu la "Waasia", ambalo pato lake la kati la kaya lilikuwa dola 85,800 mwaka 2019. Kaya ya Kithai kwa kawaida iko chini ya hapo, pamoja na digrii zote hizo. Mshonaji akienda kuomba msaada anaambiwa watu wa kwenu wana hali nzuri.

Hilo linaniuma sana, kwa sababu ndugu zetu wanalipata vilevile. Mtoto wa daktari wa Kinaijeria na mtoto wa mkimbizi aliyetokea Nyarugusu wote wameandikwa "mweusi, mzaliwa wa Afrika".

#4 Nesi wa Columbus

Kaka, nashukuru kwa uzi. Mimi niko Ohio, kazi yangu ni nyumba za wazee. Hiyo ya kuchujwa mpakani naielewa mwilini mwangu. Nilikuja na cheti changu cha uuguzi, nikaambiwa nianze upya kama msaidizi. Nimebeba boksi kweli.

Lakini nina swali upande wa Wazungu. Wagonjwa wangu wanaotoka upande wa milimani, kusini mashariki mwa jimbo, ni maskini ambao nyumbani Tanzania ukiwasimulia hawakuamini. Meno hakuna, mapafu yameharibika, wajukuu wanalelewa na bibi kwa sababu wazazi wamezama kwenye dawa za kulevya. Na majina yao ni ya Kiingereza mtupu. Hao miaka 358 imewasaidia nini?

#5 Mleta uzi

Dada, hapa ndipo jedwali linapoanguka kabisa.

Milima ya Appalachia inapita Kentucky, Tennessee, West Virginia mpaka huko kusini mashariki mwa Ohio unakosema. Walioipanda karne ya 18 walitoka England, Scotland na kaskazini mwa Ireland. Makaa ya mawe yalipogunduliwa kuwa na thamani, mawakala wa makampuni walipita kwa wakulima wakinunua haki ya kilichopo chini ya ardhi kwa senti chache kwa ekari. Mkulima alibaki na udongo wa juu, utajiri ukaenda Philadelphia na New York. Wajukuu zake wakaajiriwa kuuchimba, wakilipwa kwa vocha zinazotumika kwenye duka la kampuni tu. Vumbi likawaingia mapafuni. Mashine zikaja, watu wakapunguzwa, kisha migodi ikafungwa. Aprili 1964 Rais Johnson alikwenda Inez, kaunti ya Martin, Kentucky, akakaa kwenye baraza ya familia masikini ili nchi ione vita yake dhidi ya umaskini inaanzia wapi. Kaunti ile mpaka leo ni miongoni mwa zile maskini.

Halafu kuna Waingereza wa Utah, ambao ni habari nyingine kabisa. Wamishonari wa Kimormoni, kanisa lililokuja kuhamia Utah, walifika Preston, England, mwaka 1837, wakabatiza maelfu ya wafanyakazi wa viwanda. Mwaka 1849 kanisa likaanzisha mfuko wa kuwakopesha nauli wahamiaji maskini. Ukifika ukapata kazi, unarudisha ili mwingine avuke. Mwaka 1856 wapo waliovuka nyika wakisukuma mikokoteni kwa mikono, na vikosi viwili vilivyochelewa vikanaswa na theluji, zaidi ya watu 200 wakafa. Waliopona walikuta jumuiya inayowasubiri na shamba na kazi. Utah leo ndiko asilimia ya wenye asili ya England iko juu kuliko majimbo karibu yote, na ni miongoni mwa majimbo yenye umaskini mdogo. Asili moja na ile ya Kentucky. Tofauti ni nani aliwapokea na ardhi ilibaki mikononi mwa nani.

Ukiuliza kwa nini watu wa Kentucky hawaonekani kwenye hesabu ya Waingereza, jibu ni kwamba wengi wao hawajiandiki hivyo. Wanaandika asili yao ni "Marekani". Babu wa babu amezikwa palepale, England hawaijui. Kwa hiyo anayejiandika "England" mara nyingi ni yule mwenye nasaba iliyohifadhiwa, na anayehifadhi nasaba aghalabu ana elimu na nafasi. Pato la "Waingereza" linapanda kwa sababu maskini wao wamejitoa kwenye orodha.

Na orodha yenyewe inayumba kwa sababu ya fomu. Mwaka 1980, sensa ya kwanza kuuliza asili, watu milioni 49.6 waliandika England, na neno hilo lilikuwa kwenye mifano iliyochapwa chini ya swali. Mwaka 1990 mifano ikabadilishwa, England ikatolewa. Wakashuka hadi milioni 32.7. Mwaka 2000 wakawa milioni 24.5. Mwaka 2020 England ikarudishwa kwenye mifano, wakapanda tena hadi hizo milioni 46.6. Hakuna tauni iliyowapata, wala meli mpya hazikuja. Kwenye mifano ya 1990, England ilipoondolewa, Thailand ilikuwemo.

Sasa niambieni, pato la kundi ambalo nusu yake inaingia na kutoka kwa sababu ya mstari mmoja wa fomu linapima juhudi ya nani?

#6 Bukavu Moja

Ndugu mleta uzi, naomba ueleze habari ya migahawa. Huku Ulaya na huko Amerika kila mji una chakula cha Thailand, ila Wathai wenyewe huwaoni. Wanafanyaje? Sisi Wakongo tuko wengi na migahawa yetu inahesabika.

#7 Mleta uzi

Ndugu wa Bukavu, umegusa jambo ninalolipenda.

Marekani ina zaidi ya migahawa 5,000 ya Kithai kwa watu laki tatu na kitu. Wamexico wana migahawa mingi kuliko wote lakini nao ni makumi ya mamilioni. Kwa Wathai kuna mambo matatu yamekutana.

La kwanza ni malighafi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahamiaji walifungua duka la vyakula vya Kithai Hollywood Mashariki, Los Angeles, wakatafuta namna ya kupata mchaichai, majani ya mlimao wa kwao, tui la nazi na pilipili. Kabla ya hapo mpishi alikuwa anabahatisha. Mtaa ule ukawa kitovu, na Oktoba 1999 jiji likautangaza rasmi kuwa Thai Town, vitalu sita vya Hollywood Boulevard. Wathai wenyewe waliizoea Los Angeles kwa jina la mkoa wa 77, wakati nchi yao ilikuwa na mikoa 76.

La pili ni serikali yao. Mwaka 2002 Bangkok ilianzisha mpango wa makusudi wa kueneza migahawa duniani: mafunzo kwa wapishi, mikopo kupitia benki ya serikali ya mauzo ya nje, na alama ya ubora kwa mgahawa unaopika chakula halisi cha Kithai. Migahawa ya Kithai duniani ilikuwa kama 5,500 wakati huo, ikavuka 15,000 baadaye. Nchi ilielewa kwamba anayekula chakula chako leo atanunua mchele wako na kupanda ndege kuja kwako kesho.

La tatu ni viza. Marekani na Thailand zilitia saini mkataba wa urafiki na uchumi mwaka 1966. Kwa mkataba huo Mthai mwenye mtaji anaweza kuomba viza ya mwekezaji, aendeshe biashara yake mwenyewe Marekani na kuihuisha viza kadiri biashara inavyoendelea. Waingereza wana haki hiyohiyo kwa mkataba wa tangu mwaka 1815. Nyinyi wa Kongo mmo kwenye orodha tangu 1989. Tanzania na Kenya hatumo. Mama lishe wa Dar mwenye mtaji wa kutosha kufungua mgahawa wa pilau na samaki wa kupaka Houston hana mlango huo, hata awe hodari kiasi gani. Wabunge wetu wanaokwenda Washington kila mwaka wangeulizwa habari hii.

Lakini tusivutiwe na ubao wa mgahawa tukasahau jikoni. Mgahawa mdogo ni kazi ya familia nzima, saa 12 na zaidi kwa siku, mara nyingi bila bima ya afya. Mtoto anasoma meza ya pembeni akitafsiri barua za kodi. Kwenye takwimu kaya ile inaonekana ina pato, kwa sababu wanaochuma ni wanne. Ukigawa kwa saa walizofanya kazi, picha inabadilika.

#8 Nesi wa Columbus

Na wale walioshonea nguo kwenye nyumba iliyozungushiwa seng'enge? Nilisikia kwenye semina ya haki za wafanyakazi, sikupata kisa kizima.

#9 Mleta uzi

Dada, ni El Monte, California. Nitaeleza taratibu kwa sababu kisa hiki hakipaswi kusahauliwa.

Tarehe 2 Agosti 1995, kabla ya mapambazuko, maofisa waliingia kwenye nyumba za kupanga huko El Monte, mashariki ya Los Angeles. Ndani walikuta Wathai 72, karibu wote wanawake, wakiishi na kushona humohumo. Madirisha yamezibwa, ukuta una seng'enge ya nyembe, walinzi mlangoni. Baadhi yao walikuwa wamefungiwa mpaka miaka saba. Walishona hadi saa 17 au 18 kwa siku kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa, wakati kima cha chini California kilikuwa dola 4.25. Barua zao zilisomwa kabla ya kutumwa. Waliambiwa wana deni la nauli, na wakitoroka ndugu zao kijijini Thailand watadhurika. Nguo walizoshona zilining'inia kwenye maduka makubwa yenye majina.

Waliowafungia walikuwa Wathai wenzao. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu nasi tunajua mawakala wa Nairobi na Dar wanaowapeleka mabinti wetu Ghuba na pasipoti zao zikafungiwa kabatini. Anayekuuza mara nyingi anaongea lugha yako.

Na walipookolewa? Idara ya uhamiaji iliwachukua ikawaweka rumande wakiwa na sare za wafungwa, tayari kwa kuwarudisha kwao. Waliosimama kidete ni shirika la maendeleo ya jamii ya Wathai wa Los Angeles, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla, 1994, na Chanchanit Martorell, pamoja na wanasheria vijana akiwemo Julie Su. Walidai watolewe, wakatolewa. Kisha wakayashtaki makampuni ya nguo, si wasimamizi wa kiwanda tu. Makampuni yalijitetea kwamba hayakujua. Mwishowe yalilipa zaidi ya dola milioni 4, wakagawana washonaji wa El Monte na wenzao wa Kilatino waliofanya kazi kwenye kiwanda cha wazi cha watu haohao, kilichotumika kama pazia la El Monte. Waathirika wakaruhusiwa kubaki, na wengi baadaye wakawa raia.

Kisa kile kilisukuma sheria ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, iliyoanzisha viza maalumu kwa waathirika, hadi 5,000 kwa mwaka. Viza hiyo inamfaa hata binti wa Kitanzania au wa Kenya aliyeletwa Marekani kama yaya akanyang'anywa pasipoti. Mwenye ndugu katika hali hiyo amjulishe: sheria inamtambua kama aliyedhulumiwa, hata kama viza yake imekwisha. Julie Su yeye alikuja kukaimu uwaziri wa kazi wa Marekani mwaka 2023.

Mtaniuliza Waingereza walikuwa na chombo kama hicho? Walikuwa nacho. Chama cha Mtakatifu George cha New York kilianzishwa mwaka 1770 kuwasaidia Waingereza waliokwama ugenini. Maana yake hata wao, wenye lugha na sheria mkononi, walihitaji mtu wa kwao wa kuwashika mkono. Wathai wana hekalu. Wat Thai ya North Hollywood ni mahali pa sala, shule ya lugha kwa watoto wikendi, soko la chakula, na mahali ambapo bibi asiyejua Kiingereza anapata wa kumsomea barua ya hospitali.

#10 Mchuuzi wa Kariakoo

Mkuu, nimekubali hoja ya kuchujwa. Lakini siyo kwamba wote wanayeyuka mwishowe? Kizazi cha tatu Mthai ataoa Mwingereza, habari imekwisha.

#11 Mleta uzi

Mchuuzi, wamekwisha kuoana tangu zamani, na jibu limo humo.

Chang na Eng, mapacha walioungana kifuani, walizaliwa Siam mwaka 1811 kwa familia yenye damu ya Kichina, wakaletwa Boston mwaka 1829 kuonyeshwa kwa watu kwa kiingilio. Walipojikomboa kutoka kwa mameneja wao walinunua ardhi North Carolina, wakapata uraia mwaka 1839 ijapokuwa sheria ilisema weupe tu, wakachukua jina la Bunker, na mwaka 1843 wakaoa dada wawili wa Kizungu, Sarah na Adelaide Yates. Walizaa watoto 21 baina yao. Walimiliki watumwa, na wana wao wawili walipigania upande wa Kusini, uliotetea utumwa, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Uzao wao leo ni zaidi ya watu 1,500 na hukutana Mount Airy kila mwaka. Waliingizwa upande wa weupe na utajiri wa weupe kwa gharama ya watu weusi waliolima mashamba yao. Mlango uliwafungukia wakati sheria imeufunga, kwa sababu walikuwa wawili tu na hawakumtisha mtu.

Mtazame sasa Tammy Duckworth, seneta wa Illinois. Amezaliwa Bangkok mwaka 1968, mama Mthai mwenye asili ya China, baba Mmarekani ambaye ukoo wake umevaa sare tangu vita vya kuitoa Marekani mikononi mwa Uingereza. Ni mwanachama wa chama cha mabinti wa mapinduzi yale, ambacho bila nasaba ya karne ya 18 huingii. Baba alipokosa kazi, familia iliishi Hawaii kwa vocha za chakula za serikali. Akawa rubani wa helikopta, akapoteza miguu yote miwili Iraki Novemba 2004. Oktoba 2016, kwenye mdahalo wa useneta wa Illinois, alipotaja ukoo wake uliotumikia jeshi tangu mapinduzi, mpinzani wake Mark Kirk alijibu kwamba alikuwa amesahau kuwa wazazi wake walitoka Thailand kuja kumtumikia George Washington. Kirk aliomba radhi, na akashindwa uchaguzi.

Nusu ya damu yake ingemweka kwenye safu ya wenye asili ya zamani kabisa, lakini uso wake ulitosha kumfuta. Na kwa wasio maseneta inakuwa mbaya zaidi. Januari 2021, San Francisco, Vicha Ratanapakdee, babu Mthai wa miaka 84 aliyekwenda kuwasaidia wanawe kulea wajukuu, alisukumwa akiwa kwenye matembezi yake ya asubuhi, akafa. Kipindi kile cha korona wazee wa Kiasia waliogopa kutoka nje. Hakuna safu ya jedwali la vipato inayoonyesha hofu hiyo, na Mwingereza wa Maine au Vermont haijui, hata awe maskini.

#12 Mwalimu Mstaafu, Moshi

Mwanangu, nimesoma kuanzia mwanzo. Nina wajukuu Maryland, waliozaliwa hukohuko. Kwa hayo uliyoeleza ya fomu, sensa ijayo wajiandikeje? Mama yao alijaza "mweusi" akaishia hapo.

#13 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Kuanzia 2020 fomu ina mistari ya kuandika asili hata chini ya kisanduku cha weusi, na mifano iliyochapwa ni kama Jamaika, Haiti, Naijeria, Ethiopia na Somalia. Tanzania haimo kwenye mifano, na umeona Waingereza walivyopungua walipoondolewa kwenye mifano. Kwa hiyo wasingoje kukumbushwa. Waweke alama kwenye kisanduku, kisha waandike kwa herufi kubwa kwenye mstari: TANZANIAN. Kama baba yao ana asili nyingine, waandike na hiyo, nafasi inaruhusu zaidi ya moja. Idadi hiyo ndiyo itakayoonyesha tuko wangapi huko.

Sensa ijayo ni 1 Aprili 2030. Ujumbe huu waufikishe na kwa majirani zao wa Kenya, Kongo na Burundi.